Uzamili wa usanifu majengo wenye mkazo wa usanifu miji: anza na leseni, kisha isome michoro ya wahitimu

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Nina shahada ya kwanza ya usanifu majengo ya miaka minne, na nimefanya kazi miaka mitatu katika ofisi inayochora majengo ya ghorofa. Kadiri siku zinavyokwenda naona moyo wangu uko nje ya jengo: njia, uwanja, namna jengo moja linavyoitazama jirani yake. Nimekubaliwa katika programu tatu. Ya kwanza ni uzamili wa usanifu majengo wenye mkazo wa usanifu miji. Ya pili ni uzamili wa usanifu miji peke yake, mwaka mmoja, katika chuo chenye jina kubwa kuliko vingine vyote. Ya tatu ni shahada mbili kwa mpigo, usanifu majengo na mipango miji, miaka minne. Ningependa siku moja nisaini michoro yangu mwenyewe. Nichague ipi?"

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho langu limegota kwenye ile sentensi fupi kabla ya swali: unataka kusaini michoro yako mwenyewe. Umeitaja kama jambo la pembeni, lakini hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Kusaini maana yake ni leseni, na leseni haitolewi kwa mapenzi wala kwa kipaji. Inategemea ni shahada gani uliyo nayo mkononi. Tuanzie hapo, michoro tutaifikia.

Shahada hizi zinafanana sana kwa majina, ila kazi zake ni tofauti. Chukua Marekani. Bodi ya ithibati ya elimu ya usanifu majengo, NAAB, inatambua shahada za aina tatu tu: B.Arch, M.Arch na D.Arch, yaani shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu za kitaaluma za usanifu majengo. Shahada ya kwanza ya miaka minne kama yako haimo. Uzamili wa usanifu miji nao haumo, hata ukitoka chuo ambacho kila mtu anakifahamu. Programu ya usanifu miji ya Harvard kwa wasanifu majengo ni ya mihula minne, ya Columbia ni ya mihula mitatu, na zote mbili zimetengenezwa kwa mtu ambaye tayari ameshapata shahada ya kitaaluma ya usanifu majengo. Kwake yeye sharti la shahada kwa ajili ya leseni limekwisha kumalizwa, anakuja kuongeza kina. Wewe hujafika hapo. Na hata ukiipata M.Arch yenye ithibati, bado utakuwa na saa 3,740 za mafunzo kazini yanayoandikwa na kuthibitishwa, pamoja na mtihani wenye sehemu sita.

Uingereza njia imezoeleka kugawanywa katika hatua tatu zinazoitwa Part 1, Part 2 na Part 3. Utaratibu huo sasa unafanyiwa marekebisho, kwa hiyo soma maelezo mapya na usitegemee simulizi za waliosoma zamani. Jambo moja lilikuwa wazi siku zote: uzamili wa usanifu miji peke yake haukuhesabiwa kuwa Part 2, yaani ile hatua ya pili. Ukienda Uholanzi mambo yanageuka kabisa. Pale sheria inalinda jina la msanifu miji kama inavyolinda la msanifu majengo, na wote wako katika daftari moja la serikali, pamoja na wasanifu wa mandhari na wa ndani ya majengo. Pale chuo kikuu cha Delft kitivo ni kimoja, muda ni uleule wa miaka miwili, lakini mkondo utakaouchagua ndani ya kitivo ndio utakaoamua uandikishwe kwa jina gani baada ya miaka miwili ya kazi chini ya uangalizi. Wanafunzi wawili waliokaa meza moja wanaweza kutoka na haki tofauti kabisa kisheria.

Kwa hiyo kabla hujamjibu mkuu wa programu yoyote, iandikie bodi ya nchi utakayofanyia kazi. Nasema utakayofanyia kazi kwa sababu watu wengi huiuliza nchi watakayosomea. Wapelekee jina kamili la shahada, jina la chuo na nakala ya mtaala, uwaulize kama mwenye shahada hiyo juu ya shahada yako ya kwanza anaruhusiwa kusajiliwa. Omba jibu kwa maandishi. Nina mwenzangu, mchoraji hodari kuliko mimi, aliyechukua uzamili wa mwaka mmoja wa usanifu miji akiamini kwamba "uzamili ni uzamili". Alipotaka kusajiliwa ikabidi arudi darasani miaka mingine miwili na nusu, akiwa na familia na ofisi inayomsubiri. Hakuna aliyemdanganya. Hakuwa ameuliza tu.

Na chuo cha programu yako ya kwanza nacho kiulize: hao wenye mkazo wa usanifu miji, je, wanahitimu na shahada ileile yenye ithibati wanayopata wenzao wote? Na huo mkazo ni nini hasa? Neno "mkazo" linabeba mengi. Kuna mahali ni studio tatu (yale madarasa ya kubuni na kuchora mradi chini ya mwalimu), tasnifu, na walimu wanaoishi kwa kazi hiyo. Kuna mahali ni kozi nne za kuchagua na mstari mmoja kwenye karatasi ya matokeo. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba ratiba ya mihula yote, muhula kwa muhula, uhesabu ni studio ngapi zenye eneo la kazi lililo kubwa kuliko kiwanja kimoja.

Sasa tuje kwenye taaluma yenyewe, kwa sababu programu zenye jina moja zinaweza kukufundisha vitu vitatu tofauti, na ni haki yako kujua unaingia katika ukoo gani.

Neno usanifu miji kama jina la fani lilipata nguvu Harvard mwaka 1956, José Luis Sert, mkuu wa shule ya usanifu ya pale, alipoitisha mkutano wa wasanifu majengo, wasanifu mandhari na wapangaji miji. Waliona kwamba kati ya ramani ya mpangaji na jengo la msanifu kumebaki pengo ambalo halina mwenyewe. Programu yao ikafunguliwa mwaka 1960. Lakini pengo lile liliwahi kujazwa na watu wa namna nyingi. Ildefons Cerdà, aliyepanga upanuzi wa Barcelona mwaka 1859, alikuwa mhandisi. Kevin Lynch, mwalimu wa chuo cha MIT, aliyewahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles ili ajue wanaibebaje miji yao kichwani, alisoma mipango miji. Kwa sababu hiyo vyuo hadi leo vinavuta pande tofauti. Kuna vinavyoamini umbo: utafundishwa kusoma mji kama kitambaa cha majengo na nafasi, kama mwalimu Colin Rowe alivyowafundisha wanafunzi wake katika chuo cha Cornell kuanzia miaka ya 1960. Kuna vinavyoanza na mwenendo wa watu, na hapo utatumwa barabarani na daftari kuhesabu wanaopita, waliokaa na waliosimama wakizungumza, kazi ambayo msanifu majengo Jan Gehl na wanafunzi wake waliifanya Copenhagen baada ya mtaa wa Strøget kufungwa kwa magari mwaka 1962. Na kuna vinavyoanza na ardhi, umiliki, fedha na siasa: nani ana haki ya kukaa hapa, nani anafaidika, nani anaondolewa.

Mimi naamini mtu anapaswa kuonja zote tatu, ila hakuna programu inayotoa zote kwa uzito sawa. Wewe umeandika kuhusu "namna jengo moja linavyoitazama jirani yake". Hilo ni jicho la umbo. Chuo kitakachokufaa zaidi ni kile kitakacholichukua jicho hilo na kulisukuma kwa watu na kwa ardhi, mahali ambapo bado hujazoea. Ukienda kwa wanaoamini umbo peke yake utatoka na kile ulichoingia nacho, kimeng'arishwa tu.

Utajuaje sasa? Tazama kazi za wanafunzi. Ushauri wangu wote kwako, ukiacha leseni, uko hapa. Vyuo vingi huonyesha kazi za mwisho wa mwaka kwa wazi. Ziache picha kubwa zilizopigwa kutoka angani, zile zenye machweo na ndege wakiruka. Zinapendeza, na hazikuambii lolote. Tafuta mambo mawili: ramani ya skeli ya 1:500, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita tano za ardhi, na mkato wa barabara, yaani mchoro unaoionyesha barabara kana kwamba imekatwa kwa kisu ukaitazama ubavuni.

Kwa nini 1:500? Piga hesabu nami. Njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita 2, ambayo viti viwili vya magurudumu vinapishana, kwenye skeli ya 1:5000 ni sehemu nne za kumi za milimita. Huo ni unene wa wino. Kwenye skeli hiyo njia haipo, na mwanafunzi hawezi kuifikiria kwa sababu haioni. Kwenye 1:500 inakuwa milimita 4, na ghafla unalazimika kuamua: mti unakaa wapi, nguzo ya taa je, mlango unafungukia upande gani. Kitalu cha Cerdà chenye upande wa kama mita 113 ni kimraba cha sentimita 2 na kitu kwenye 1:5000. Kwenye 1:500 ni sentimita 22 na zaidi, na unaona ua wa ndani, kona zilizokatwa, unaona mtu anaingia wapi. Taaluma hii inaishi katika skeli hiyo ya kati. Programu ambayo wanafunzi wake wanaruka kutoka ramani ya mji mzima hadi picha ya kupendeza bila kupita hapo haifundishi usanifu miji, hata kama jina linasema hivyo.

Kisha mkato. Chagua mmoja, ukae nao kama dakika kumi. Anzia ukutani upande wa kushoto. Kuna mlango? Kizingiti kimepanda kiasi gani juu ya njia? Toka nje. Baada ya njia kuna mti, na chini ya ardhi mizizi yake imeachiwa udongo au imechorwa juu ya bomba la maji taka? Maji ya mvua yakianguka katikati ya barabara yanaelekea wapi, na yakijaa yanaingia nyumba ya nani? Mtu aliye dirishani ghorofa ya kwanza anamwona anayepita chini, au anaona paa la kibanda? Vuka hadi upande wa pili uulize tena. Mchoro mmoja wa namna hiyo ukiwa na majibu, ujue nyuma yake yuko mwalimu anayeuliza.

Niliwahi kualikwa kwenye jopo la uhakiki katika chuo ambacho sitakitaja. Mwanafunzi mmoja alileta mtaa mpya wa hekta arobaini, umechorwa kwa ustadi wa kuvutia mno. Nikamwomba anionyeshe mlango mmoja wa kuingilia jengo lolote. Akatafuta katika mbao zake sita za michoro, uso ukambadilika, akasema hajawahi kuulizwa hilo muhula mzima. Niliumia kwa ajili yake. Alikuwa amelipia na kukesha, na alikuwa na uwezo wote wa kuujibu mlango ule. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu chuo namwambia akaitafute milango kwenye michoro.

Kuna ramani moja ya zamani ninayopenda kuwaonyesha wanaoanza. Mwaka 1748 Giambattista Nolli alichapisha ramani ya Roma katika kurasa kumi na mbili. Majengo ameyatia rangi nzito, njia na viwanja ameviacha vyeupe. Lakini sehemu za ndani za makanisa, na Pantheon, lile hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, nazo ameziacha nyeupe kama barabara, kwa sababu watu walikuwa wakiingia na kutoka. Mpaka kati ya mji na jengo haukuwa ukuta wa nje. Ukiona wanafunzi wa chuo fulani wanafikiri hivyo, kwamba ukumbi wa kituo cha treni, ua wa shule na ngazi za maktaba ni sehemu ya mji, weka alama ya vema.

Baada ya michoro, walimu. Majina makubwa kwenye orodha si mara zote ndio watakaokaa nawe mezani. Uliza nani aliongoza studio za mwaka wa pili katika miaka miwili iliyopita, na kama bado yupo. Na uliza kama studio zina mwalimu wa pili kutoka fani nyingine: mpangaji, mhandisi wa maji, mwanasheria wa ardhi, msanifu wa mandhari. Denise Scott Brown, aliyesoma usanifu majengo na mipango miji pia, aliongoza pamoja na Robert Venturi na Steven Izenour studio ya Yale ya mwaka 1968 iliyowapeleka wanafunzi Las Vegas kuusoma mji ambao wasanifu wengi wa wakati ule waliudharau. Alikuja na mbinu za utafiti wa wapangaji akazitia katika chumba cha wasanifu majengo, na matunda yake yanazungumzwa hadi leo. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio wa kuutafuta.

Mji wenyewe ambamo chuo kipo ni mwalimu pia, hasa kama chuo kina makubaliano na halmashauri yake na wanafunzi wanakaa vikaoni na wakazi. Safari ya wiki moja kwenda bara jingine ni nzuri, ila haitoshi. Studio iliyoenda eneo moja mara nane itakufundisha zaidi ya iliyoenda mara moja kwa ndege. Kuhusu programu za kompyuta usiumize kichwa. Hakikisha tu kwamba kuna kozi ya mifumo ya taarifa za kijiografia, kwa sababu hiyo ni vigumu kuipata kazini. Zilizobaki utajifunza kwa kuzitumia.

Fedha nazo nizigusie. Kazi nyingi nzuri za fani hii ziko katika halmashauri, mashirika ya umma na ofisi ndogo za ushauri. Mwenye deni kubwa hujikuta hawezi kuzikubali, na deni linamchagulia kazi. Ukipewa ufadhili au nafasi ya kusaidia kufundisha na programu ya kwanza, lipime hilo kwa uzito mkubwa kuliko unavyolipima jina la chuo cha pili. Jina linasaidia, sikatai. Linafungua barua pepe yako ya kwanza. Nilipokuwa nikiajiri, nilikuwa nafungua potifolio, ule mkusanyiko wa kazi za mwombaji, na kufikia ukurasa wa tatu nilikuwa nimeshasahau chuo.

Basi jibu langu. Chagua ya kwanza, kwa masharti matatu: shahada iwe na ithibati inayotambuliwa na bodi yako, angalau studio mbili ziwe za usanifu miji kwa maana niliyoieleza, na uruhusiwe kuchukua kozi katika idara ya mipango miji bila vikwazo. Sharti mojawapo likivunjika, tuzungumze upya.

Ya tatu usiitupe haraka. Shahada mbili za namna hiyo, kama zinavyotolewa katika vyuo vikuu vya Berkeley na Pennsylvania huko Marekani, zinamfaa mtu ambaye akiona mtaa mbovu hamu yake ya kwanza ni kuibadilisha kanuni iliyouzaa. Jiulize kwa ukweli: ukipewa jioni moja huru, utasoma kanuni za matumizi ya ardhi au utachora? Kama ni kuchora, miaka minne ni mingi mno. Kama mkono unakuvuta kwenye kanuni, basi miaka hiyo minne ina thamani, na nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono.

Ya pili, ile yenye jina, iache kwa sasa. Nasema kwa sasa. Mwaka mmoja wa usanifu miji kwa mtu mwenye leseni na miaka mitano ya kazi ni chakula kizito, kwa sababu anafika na maswali yake mwenyewe. Kwa aliyetoka kuchora ghorofa miaka mitatu, mwaka unaisha akiwa bado anazoea skeli.

Wakati unasubiri, fanya jambo dogo. Chukua jengo moja ulilochora ofisini, kwa ruhusa ya ofisi, ulichore upya: ghorofa ya chini peke yake, pamoja na kila kilichopo umbali wa mita 200 kulizunguka, kwa skeli ya 1:500. Kazi hiyo itakuambia mambo kuhusu jengo lako ambayo hukuyajua. Pia tafuta wahitimu wawili wa kila programu, waliomaliza miaka mitatu au minne iliyopita, uwaulize wiki iliyopita walifanya kazi gani hasa na ni nani aliyewafundisha kuifanya. Usiwaulize kama walikipenda chuo, karibu kila mtu atasema ndiyo.

Ukishapata jibu la bodi na mikato mitatu ya wanafunzi wa kila chuo, niandikie tena. Tutaisoma pamoja, tukianzia ukutani upande wa kushoto.